Uzito mdogo, mbali na mkono: kuchagua na kupanga stabilaiza za upinde

Chukua chuma cha gramu 100, kifunge kwenye ncha ya fimbo ya sentimita 75, kisha fimbo hiyo ifunge mbele ya upinde. Pembeni weka upinde mwingine wa aina ileile, huo ufungie vyuma vya gramu 300, lakini sentimita 25 tu kutoka kwenye kishikio. Mkono utahisi pua za pinde zote mbili zikivutwa chini kwa nguvu sawa, maana 100 mara 75 ni sawa na 300 mara 25. Sasa jaribu kuzipindisha ghafla. Ule wa kwanza utakukatalia mara 3 zaidi ya wa pili, ingawa umebeba theluthi tu ya uzito. Ukaidi wa kitu kuzungushwa, ambao kwenye fizikia huitwa inesha, hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa umbali, kisha kwa umbali tena. Uzito unahesabiwa mara moja, umbali mara mbili.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu makosa mengi huanzia pale mtu anapodhani kazi ya stabilaiza, yaani fimbo na vyuma vinavyofungwa kwenye upinde ili utulie, ni kuufanya upinde uwe mzito. Upinde mzito hutulia, ni kweli, ila utulivu huo unaulipia kwa bega. Stabilaiza nzuri huchukua uzito mdogo na kuupeleka mbali, mahali unapohitajika. Ukilishika hilo, maswali ya urefu gani, vyuma vingapi na pembe ipi yanapata pa kuanzia.

Upinde huzunguka vipi

Upinde uliovutwa una njia 3 za kukuponyoka. Unaweza kugeuka kushoto au kulia kama mlango kwenye bawaba. Unaweza kuinua au kuinamisha pua. Na unaweza kulala ubavu, bawa la juu likaenda upande mmoja na la chini upande mwingine.

Tazama umbo la upinde usio na kitu. Karibu uzito wake wote umesimama wima, kutoka ncha ya bawa la juu hadi ncha ya bawa la chini. Kwa hiyo tayari ni mkaidi kuinamisha pua na ni mkaidi kulala ubavu. Lakini kugeuka kama mlango hakuna kinachokuzuia, kwa kuwa uzito wote umekaa kwenye bawaba yenyewe. Na huo ndio mzunguko ambao kiganja huuleta kwa urahisi kuliko mwingine wowote: kidole kikikaza, kifundo kikigeuka kidogo, kishikio kikikaa mbali na mstari wa mfupa wa mkono, mlango umefunguka.

Ndiyo maana fimbo ndefu ya mbele hununuliwa kwanza. Inaupa upinde kile ambacho umbo lake halina. Husaidia pia pua isipande na kushuka ovyo. Dhidi ya kulala ubavu haisaidii karibu lolote, maana iko sambamba na mshale na haina upana. Kazi hiyo ni ya fimbo za pembeni, au ya fimbo ya nyuma kwenye upinde wa kompaundi, ule wenye magurudumu kwenye ncha za mabawa.

Kuna jambo la muda pia. Mshale unaotoka kwa mita 60 kwa sekunde baada ya kusukumwa nusu mita hukaa kwenye upote kwa milisekunde 16 hivi. Ndani ya muda huo mkono hauwezi kusahihisha chochote, wala jicho haliwezi kuona. Kinachofanya kazi ni uzito uliokwisha kupangwa kabla ya kuachia, na hufanya kazi ikiwa tu umeshikamana na upinde kwa ugumu. Chuma kilichoko mwisho wa fimbo inayonesa huchelewa kupata habari: upinde unageuka kwanza, fimbo inapinda, na chuma kinafuata mshale ukiwa umeshaondoka. Hii ndiyo sababu nasisitiza ugumu wa fimbo kuliko mapambo yoyote yanayoandikwa kwenye tangazo.

Earl Hoyt Jr., mtengenezaji wa pinde wa Marekani, alianza kutoa stabilaiza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mchezo wa upinde uliporejea Olimpiki mjini Munich mwaka 1972 zilikuwa zimeshazoeleka. Vifaa vimebadilika sana tangu hapo. Hesabu ni ileile.

Fimbo ndefu

Kwa rikavu ya mashindano, yaani upinde usio na magurudumu ambao ncha za mabawa zimepinda kuelekea mbele, fimbo ndefu za watu wazima huwa kati ya inchi 26 na 33. Kwa kompaundi ya kulenga shabaha ni karibu hivyohivyo, inchi 27 hadi 33. Kwa pinde za kuwinda ni inchi 6 hadi 12, kwa kuwa porini fimbo ndefu hunasa kwenye matawi. Wengi huanza na fimbo inayokaribia urefu wa mvuto wao, yaani umbali wanaouvuta upote, na hapo ni pazuri pa kuanzia. Mwenye mvuto wa inchi 26 akichukua fimbo ya inchi 33 kwa sababu bingwa fulani anaitumia, atalazimika kuweka vyuma vingi nyuma ili pua isizame, na mwisho amebeba upinde mzito ambao hakuuhitaji.

Usisahau kirefushi. Kwenye rikavu, kati ya raiza, yaani kiwiliwili kigumu cha upinde, na baa ya V, kile kiungo kinachobeba fimbo mbili za pembeni, hukaa kipande kifupi, mara nyingi cha inchi 4, na fimbo ndefu huanzia mbele yake. Fimbo ya inchi 28 yenye kirefushi cha inchi 4 ina ncha iliyoko inchi 32 kutoka kwenye raiza. Anayehesabu urefu wa fimbo peke yake hujikuta na pua nzito asijue imetoka wapi.

Ugumu upime kwa mkono, usiupime kwa bei. Funga vyuma vya aunsi 4 (kama gramu 113) kwenye ncha, shika mwanzo wa fimbo kama panga, itikise mara moja kisha usimame. Fimbo ngumu hutetema haraka haraka na kunyamaza. Fimbo laini hubembea polepole huku ukiiona. Linganisha fimbo mbili kwa vyuma vilevile. Tofauti itajionesha yenyewe. Fimbo za kaboni zimeshinda zile za aluminiamu kwa sababu ni nyepesi na ngumu kwa pamoja, na wepesi wa fimbo yenyewe ni faida kubwa: uzito ulioko katikati ya fimbo unauchosha mkono bila kuchangia inesha kama ule wa kwenye ncha.

Unene ni suala la upepo. Fimbo nene kwa kawaida ni ngumu zaidi, lakini upepo wa pembeni huikamata kama tanga, na kwa kuwa imechomoza mbali mbele, msukumo mdogo tu hupindisha upinde mzima. Anayelenga ndani ya ukumbi, mita 18, achukue fimbo nene bila wasiwasi. Anayelenga nje, mita 50 au 70, atafute fimbo nyembamba yenye ugumu wa kutosha, hata kama ni nzito kidogo. Kama fedha ni kidogo, itumie kwenye fimbo ndefu. Fimbo fupi za pembeni ni ngumu kwa sababu tu ni fupi, na za bei nafuu hazitakuangusha.

Vyuma, mpira na hesi

Vyuma vya uzito huuzwa kwa aunsi. Aunsi 1 ni gramu 28 na ushei. Vingi ni vya chuma cha pua. Vya tangsteni vina uzito zaidi ya maradufu kwa ukubwa uleule, kwa hiyo huchukua nafasi ndogo na havishiki upepo, lakini ni ghali. Nunua kwanza vipande vidogo vidogo: vya aunsi 1 viwe vingi, na viwili vya nusu aunsi. Chuma kimoja cha aunsi 8 hakikusaidii kutafuta kipimo. Kinafaa ukishakipata.

Dampa, yaani kile kipande cha mpira kinachokaa kati ya fimbo na vyuma, kazi yake ni kumeza mtetemo baada ya mshale kutoka. Hufanya kiganja na bega visichoke kwa mitikisiko, na hupunguza sauti. Lakini kumbuka habari ya milisekunde 16: mpira laini unaotenga vyuma na fimbo unavichelewesha kuingia kazini. Weka dampa kwenye ncha, karibu na vyuma, usiiweke kati ya raiza na fimbo ndefu, ambapo hulegeza mfumo wote. Na ichague kwa kipimo cha mzigo. Dampa laini iliyobebeshwa aunsi 8 huinama kama shina la ua, na unapolenga vyuma vinaendelea kunesa huku wewe ukidhani ni mkono wako unaotetema. Mpira huzeeka kwa jua, joto na mafuta. Ukiona nyufa ndogo kwenye kingo zake, ubadilishe kabla haujakatika na kudondosha vyuma mguuni.

Tundu la stabilaiza kwenye raiza, karibu kwa pinde zote, lina hesi ya 5/16-24: kipenyo cha inchi 5/16, mizunguko 24 kwa kila inchi. Vyuma vya kwenye ncha huwa na hesi hiyohiyo au ya 1/4-20, basi angalia kabla ya kununua. Jihadhari sana na bolti ya kawaida ya M8. Kipenyo chake ni milimita 8 na cha 5/16 ni milimita 7.94, kwa hiyo inaanza kuingia kana kwamba ni yenyewe, kisha inakwama. Mwendo wa hesi yake ni milimita 1.25 na ule wa raiza ni 1.06. Ukilazimisha kwa spana umeharibu tundu la raiza, sehemu ya upinde ambayo ni shida kuliko zote kutengeneza. Bolti yoyote ya stabilaiza inapaswa kuingia kwa vidole hadi mwisho. Ikikataa baada ya mizunguko miwili, itoe, futa mchanga, anza upya ikiwa imenyooka.

Baa ya V na fimbo za pembeni

Fimbo za pembeni za rikavu huwa za inchi 8 hadi 15, na nyingi ni za 10 au 12. Baa ya V huzitawanya kila moja kwa digrii 35 hadi 45 kutoka kwenye mstari wa katikati, zikielekea nyuma kwa mlengaji. Ukizitanua zaidi, upinde unakuwa mkaidi zaidi kulala ubavu, lakini vyuma vinakuwa si vya nyuma tena, ni vya pembeni, na pua inazidi kuwa nzito. Ukizibana, vyuma vinarudi nyuma na kuipunguzia pua uzito, lakini fimbo zinaanza kugusa paja au nyonga unapoinua upinde. Hapa hakuna pembe takatifu. Anza na digrii 40, usogeze tu kama una sababu.

Kirefushi nacho kina sehemu yake katika hili. Kinasukuma baa ya V mbele, na fimbo za pembeni zinasogea mbele pamoja nayo. Ukikiondoa, fimbo zilezile zinafika nyuma zaidi ya kishikio na upinde unabadilika tabia kabisa, bila kuongeza wala kupunguza gramu moja ya vyuma. Mlengaji mwenye mikono mifupi anayelalamika kwamba pua ni nzito ajaribu kwanza kirefushi kifupi, kabla hajanunua chochote.

Zipo baa za V zinazoinamisha fimbo kwa digrii 10 au zaidi kuelekea chini. Kitovu cha uzito kinashuka, na upinde unakuwa na hamu ya kusimama wima wenyewe, kama timazi. Ni msaada, si mkubwa, lakini huhisiwa na wale ambao upinde wao huwalalia upande mmoja.

Kwenye kompaundi kwa kawaida huwa na fimbo moja ya nyuma, ya inchi 10 hadi 15, iliyofungwa upande mmoja chini ya kishikio. Kwa anayeshika upinde kwa mkono wa kushoto, kilengeo, kipumzishio cha mshale na podo ya upindeni vyote hufungwa upande wa kulia wa raiza, kwa hiyo fimbo ya nyuma hukaa kushoto ili kusawazisha. Wanaotumia mkono wa kushoto kuvuta wageuze maelezo haya.

Kwa nini nyuma huwekwa vyuma vingi kuliko mbele? Hesabu ile ya mwanzo inajibu. Gramu 280 zikiwa sentimita 80 mbele ya kishikio zinadai 22,400. Nyuma, vyuma vikiwa sentimita 30 tu kutoka kwenye kishikio, utahitaji karibu gramu 750 kulipa deni hilo lote. Hulipi lote, kwa sababu unataka pua iwe nzito kidogo, lakini ndiyo maana walengaji wa kompaundi hujikuta na aunsi 10 mbele na aunsi 20 hadi 30 nyuma. Yeyote anayeanza na uwiano wa sawa kwa sawa atashangaa kwa nini nukta ya kilengeo haitaki kupanda.

Kabla hujagusa chuma hata kimoja

Stabilaiza hupangwa mwisho. Urefu wa mvuto uwe umeshapimwa, ratili za upinde zimeshatulia, kishikio kimeshazoeleka, ugumu wa mishale unalingana na upinde. Kompaundi yenye mvuto mrefu mno humtupa mlengaji nyuma na nukta yake huyumba. Hakuna kipande cha chuma kitakachoiponya. Ratili za kushikilia nazo zina neno. Kompaundi ya ratili 60 yenye punguzo la asilimia 80, yaani sehemu ya mzigo ambayo magurudumu humwondolea mlengaji upinde ukishavutwa wote, humwachia mlengaji ratili 12 tu za kushikilia kwenye mvuto kamili. Ikiwa na punguzo la asilimia 65 anashikilia ratili 21. Upinde wa ratili 12 ni mwepesi kuyumbishwa na kila pumzi, na wengi hujaribu kuuzima mtikisiko huo kwa vyuma. Ongeza kwanza ratili za kushikilia, kama upinde wako unaruhusu kurekebishwa.

Kuupanga

Kwa rikavu, funga fimbo zote, weka aunsi 2 kwenye ncha ya mbele na aunsi 1 kwenye kila fimbo ya pembeni. Kwa kompaundi, aunsi 4 mbele na 8 nyuma. Vipimo hivyo ni vyepesi kwa makusudi. Ukianza na vizito huwezi kujua ni kipi kinakusaidia na kipi umekizoea tu.

Kuusawazisha upinde kwenye kidole ukiwa haujavutwa ni mwanzo tu. Ukivutwa, unashikwa sehemu mbili, kwenye kishikio na kwenye upote, na mizani yake inabadilika. Kwa hiyo jaribio la kweli ni hili: simama mbele ya shabaha karibu, mita 5 zinatosha, pachika mshale, inua upinde, lenga, vuta hadi mvuto kamili, funga macho, vuta pumzi moja tulivu, fumbua. Usisahihishe kitu. Tazama nukta imekwenda wapi. Rudia mara 5 au 6, maana mara moja haisemi kitu. Kwenye kompaundi angalia pia kiputo cha pimamaji ya kilengeo. Kikiwa kimekwenda upande mmoja kila unapofumbua, upinde unalala, na dawa ni kusogeza pembe ya fimbo ya nyuma kuelekea nje au ndani, nusu digrii kwa nusu digrii, hadi kikae katikati bila kulazimishwa na kifundo. Upinde uliolala hupeleka mshale upande uliolalia na chini kidogo, na kosa hilo hukua kadiri shabaha inavyosogea mbali. Kwa rikavu, kanuni za World Archery, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, haziruhusu pimamaji kwenye kilengeo, basi mwombe mwenzako asimame nyuma yako na alinganishe upote na ukingo wa kitu kilichosimama wima.

Kisha piga mishale ya kweli, kwa umbali unaoshindana. Nukta ikizama na unajikuta unaiinua kila mara, pua ni nzito: toa aunsi 1 mbele au ongeza 2 nyuma. Ikipanda na kukaa juu ya katikati, au upinde ukirusha pua juu baada ya kuachia, fanya kinyume. Nukta inayotetema kwa haraka, mizunguko midogo midogo ya woga, inaomba inesha: ongeza kidogo mbele na nyuma kwa pamoja. Nukta inayotembea polepole, mizunguko mikubwa isiyo na haraka, mara nyingi inasema mkono umelemewa. Hapo punguza kote. Watu wengi huchanganya hizi mbili, wanaongeza vyuma pale walipotakiwa kupunguza, na siku inaharibika.

Badilisha kitu kimoja, aunsi 1, kisha piga zamu 3 za mishale 6 kabla ya kuamua. Zamu moja nzuri si ushahidi. Weka alama za mishale kwenye karatasi, kwa penseli tofauti kwa kila mpangilio, uangalie umbo la kundi na si pointi tu. Kundi refu la wima huhusu pua au uchovu. Kundi pana la mlalo huhusu kiganja au upinde kulala. Kilengeo nacho kitahitaji kurekebishwa kidogo, kwa kuwa vyuma hubadilisha namna upinde unavyoruka, hivyo usilichukie kundi zuri kwa sababu tu limehamia chini ya katikati.

Kwenye rikavu tazama upinde unavyoondoka. Mlengaji anayetumia kamba ya vidole, ile inayozuia upinde usianguke mkono ukiwa wazi, na kuuacha upinde huru ataona unaruka mbele moja kwa moja kuelekea shabaha, kisha pua inaanguka. Ukiruka mbele na kuanguka wima, vizuri. Ukigeuka kushoto au kulia kila mara, usiongeze vyuma upande wa pili. Huo ni mkono kwenye kishikio. Stabilaiza imekuonesha tu, na ukiufunika kwa uzito, kosa litabaki ndani ya kundi lako. Na asiyetumia kamba, anayeudaka upinde kwa vidole, hawezi kusoma lolote hapa, maana anachokiona ni vidole vyake.

Uchovu ndio hakimu

Mpangilio uliopatikana kwenye mishale 12 ya kwanza asubuhi ni wa muda. Ujaribu tena mwishoni mwa mazoezi. Kwa duru ya mishale 72, kila gramu 100 unazoongeza ni kilo 7.2 zaidi za kuinua siku hiyo, bila kuhesabu mishale ya kupasha mwili na ile mara unayovuta ukarudisha. Bega likichoka halikupi taarifa kwa maumivu. Linakupa taarifa kwa nukta inayozama chini ya katikati kwenye zamu za mwisho. Kama makundi ya mwanzo ni mazuri na ya mwisho yanashuka, toa aunsi 1 au 2 na uongeze tena baada ya wiki kadhaa za mazoezi. Naona ni afadhali upinde ulio mwepesi kidogo kuliko unavyopenda, kuliko ule unaopendeza kwa nusu saa.

Kwa watoto na wanaoanza, neno hili lina uzito zaidi. Mtoto anayevuta ratili 18 au 20 hahitaji baa ya V. Mpe fimbo moja nyepesi ya inchi 20 hadi 24, bila vyuma, au asipewe chochote hadi mkono wa upinde unyooke bila kuinua bega. Fimbo iliyoongezwa mapema humfundisha kuegemea nyuma kiunoni ili kuubeba upinde, na mkao huo kuuondoa baadaye ni kazi ya miezi.

Siku ya upepo mkali, usiongeze vyuma vya mbele kwa kudhani vitaushikilia upinde. Toa dampa nene, tumia vyuma vyembamba, na kama una fimbo fupi zaidi kwa inchi 2 au 3, ndiyo siku yake.

Kanuni chache za kujua kabla ya kununua. Katika rikavu na kompaundi za World Archery stabilaiza zinaruhusiwa, ila zisiguse kitu kingine zaidi ya upinde, zisiongoze upote, wala zisiwasumbue walengaji wa jirani. Katika upinde mtupu, daraja la pinde zisizo na kilengeo, haziruhusiwi kabisa. Kinachoruhusiwa ni vyuma vilivyofungwa kwenye raiza, na upinde wote ukiwa umetolewa upote lazima upite kwenye pete yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 12.2. Hapo umbali umekatazwa, kwa hiyo kinachobaki ni uzito, na ndiyo sababu raiza za upinde mtupu hubebeshwa vyuma vizito chini ya kishikio. Chama cha NFAA cha Marekani, kwa daraja lake la wawindaji wenye kilengeo na kifaa cha kuachilia, kimeweka kikomo cha inchi 12.

Inapopiga kelele

Sauti mpya baada ya kuachia, mlio mwembamba au mgongano, karibu kila mara ni hesi iliyolegea. Mtetemo wa mishale mamia hufungua kila kitu kilichofungwa kwa vidole pekee. Kaza kwa vidole hadi mwisho, kisha robo mzunguko kwa ufunguo wa pembe sita, na weka washa ya plastiki au mpira mwembamba kati ya fimbo na raiza. Gundi nyepesi ya hesi, ile inayofunguka kwa mkono, inafaa kwenye vyuma vya ncha. Kwenye tundu la raiza usiitie.

Kama kila hesi imekazwa na mlio upo, shika fimbo karibu na sikio na uigonge kwa kucha kuanzia mwanzo hadi ncha. Kaboni nzima hulia sauti moja. Mahali inapobadilika na kuwa ya kufa pana ufa, au kile kipande cha chuma kilichogundishwa mwishoni kimeachia. Kilichoachia kinaweza kugundishwa upya kwa epoksi baada ya kusafishwa vizuri. Fimbo yenye ufa itupe.

Baa ya V inayorekebishika huteleza bila kelele yoyote. Fimbo ya pembeni inashuka digrii chache kwa siku nzima, nukta inaanza kuhama, na mlengaji anahangaika na kilengeo chake. Ukishapata pembe unayoitaka, chora mstari mwembamba wa rangi unaovuka kiungo, nusu kwenye baa na nusu kwenye kitako cha fimbo, na uandike kwenye kifuniko cha sanduku: urefu wa kila fimbo, kirefushi, aunsi za mbele, za kushoto, za kulia. Mistari ikiachana, utaiona kabla ya mshale wa kwanza.